Mkanda Uliokamatwa na Mtani

Shanwe, Mpanda
14 Machi 1976

Kwako Emerensiana, binti wa mjomba, mtani wangu usiye na haya,

Tumsifu Yesu Kristu. Ukiitikia nitashangaa, maana nasikia huko Tabora Jumapili unaamka watu wameshatoka kanisani.

Huku tupo. Mama yangu, yaani shangazi yako, yuko Usevya na mpunga wake umesimama vizuri. Ameniagiza nikuulize kama utaolewa na mtu au umeshaolewa na hospitali. Mke wangu Donatille anakusalimu, tumbo linaendelea, Mungu akipenda Juni tutakuwa watatu. Wakwe zangu kule Katumba wamevuna mahindi ya kutosha. Mzee Apolinari wa Kakese naye mzima, tena mzima kuliko mimi, na yeye ndiye chanzo cha barua hii.

Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima nilikwenda kumsaidia kutundika mizinga ya nyuki. Mti ulikuwa umelowa. Nilipofika juu kamba ikakatika, nikadaka tawi kwa mkono wa kulia, nikaning'inia pale kama shati lililoanikwa, halafu tawi nalo likanichoka. Niliangukia mgongo. Mzinga haukuumia. Mzee Apolinari aliukimbilia huo kwanza, mimi baadaye.

Tangu siku hiyo mkono wa kulia ukifika usawa wa bega unagoma. Nikipiga ishara ya msalaba, paji la uso silifikii, mpaka niinamishe kichwa kiufuate mkono. Donatille anasema naonekana kama nanusa vidole. Na mgongo nao unauma nikikaa, nikisimama na nikifikiri.

Unajua ninachohofia. Darasa langu la karate pale ukumbi wa parokia, Nsemulwa, limekua. Sasa chama cha karate huko Tabora kimetangaza kwamba mwalimu asiye na mkanda wa kahawia asifundishe tena kuanzia Januari. Mtihani ni Desemba, hukohuko kwenu. Nikishindwa, darasa limekufa. Pale stesheni mimi ni mbeba magunia tu, wananiita "wewe". Ni ukumbini peke yake ndiko ninakoitwa mwalimu. Sitaki kupaacha.

Wewe ni nesi. Niambie dawa.

Mimi mtani wako mwenye mkono mmoja na nusu,
Telesphor

*

Tabora
2 Mei 1976

Kwako Telesphor, mtoto wa shangazi, mwongo wa Mpanda nzima,

Milele amina. Nimeitikia, anguka tena.

Barua yako imekaa njiani mpaka ikachakaa. Wanasema maji yalibeba tuta la reli huko Ugalla. Baba yangu hajambo, kikohozi kimepungua, anauliza lini mpwa wake atamletea asali. Mwambie shangazi kwamba mwanamume wa kunioa hajazaliwa, na akizaliwa atakuwa mdogo mno kwangu. Wifi Donatille mwambie asibebe ndoo kubwa. Hilo si utani.

Ama habari ya bega lako, nimecheka mpaka mwenzangu wa chumba akaja kuangalia. Mwaka juzi uliniandikia kiboko wa Katavi amekula baiskeli yako. Nilikuja huko na maneno ya kukufariji, nikaikuta baiskeli imeegemea ukuta inanitazama. Sasa ni bega. Kesho utasema simba amekuazima meno.

Dawa ni hii hapa, shika kalamu. Bega likigoma, usilibembeleze. Lipandishe gunia la mpunga asubuhi, lipandishe tena jioni, mpaka lenyewe liombe msamaha. Mgongo nao utanyooka kwa aibu. Imeandikwa na nesi Emerensiana, muhuri haupo kwa sababu nimeukalia.

Mimi kazi yangu ni ileile. Siku hizi nakaa zaidi kuliko kutembea, ukiniona utasema nimenenepa.

Mimi mtani wako ambaye kamwe humdanganyi,
Emerensiana

*

Shanwe, Mpanda
19 Agosti 1976

Ndugu Emerensiana,

Salamu.

Donatille alijifungua salama mwezi wa sita. Ni mtoto wa kike, tumembatiza Médiatrice. Mama alikuja kumwona na amesharudi Usevya. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto.

Dawa uliyoniandikia niliitumia. Barua ilifika kipindi cha mavuno, magunia yalijaa pale stesheni. Wenzangu walikuwa wakinisaidia, mimi nikawaambia hapana, nesi wa Tabora amesema nibebe, nikawaonyesha na barua. Siku ya nne kitu kililia ndani ya bega, gunia likaniinamisha, mgongo ukafunga palepale nikiwa nimeinama. Walinirudisha nyumbani juu ya mkokoteni wa mahindi. Mtoto alizaliwa mimi nikiwa nimelala chini kwenye mkeka, nikamwona kwa kuletewa.

Sikujua kwamba unatania. Mimi nilikuwa nimeuliza kwa kweli, na aliyenijibu ni nesi.

Kazini wamenihamisha, sasa nafagia. Darasa nimeamua kuliacha. Nguo ya karate na mkanda wangu nitampa Libérat, yule mwanafunzi wangu wa Katumba, atavaa akikua zaidi.

Hakuna haja ya kujibu.

Telesphor

*

Tabora
30 Agosti 1976

Kwako Telesphor,

Nimeipata jana. Mpe hongera nyingi wifi, na mbusu Médiatrice kwa niaba yangu. Mambo mengine ya familia nitayaandika mwisho nikikumbuka.

Niliposoma "Ndugu Emerensiana" niliketi. Tangu tumeanza kutambaa hujawahi kuniita ndugu. Umeniita mwizi, umeniita kiroboto, siku ya kipaimara uliniita bibi kizee mbele ya askofu. Nikajua huyu mtu nimemuumiza.

Nimekosa, Telesphor. Uliniambia unaumwa nami nikacheka, wakati kazi yangu ni kuwasikiliza wanaoumwa. Tumezoea mno kuongopeana kwa kicheko, hata ukweli ukija na suti yake hatuujui. Nimelia, na sioni haya kukuandikia kwamba nimelia. Nisamehe.

Sasa hasira iweke pembeni, nina haki yangu na nitaidai. Unaukumbuka msiba wa babu? Watani walibeba jembe la marehemu, wakalikalia, wakasema halitoki mpaka likombolewe, na hakuna mfiwa hata mmoja aliyekasirika, kwa sababu mtani akikamata amekamata. Basi na mimi leo nakamata. Nguo yako nyeupe na mkanda wako, vyote viwili, ni mateka wangu. Libérat hapewi kitu. Kitu cha mtani hakigawiwi. Wifi Donatille avifungie sandukuni na funguo aifunge kwenye kanga yake.

Kuku sitaki, asali sitaki. Ukombozi wangu ni huu.

Inamia meza kwa mkono mzima, ule mgonjwa uache uning'inie wenyewe, uuzungushe polepole kama unakoroga uji kwenye chungu cha mtoto. Usiulazimishe. Baadaye simama mbele ya ukuta, vidole vipande ukuta kama mjusi, vikifika panapouma vipumzike hapo, visirudi mbio. Weka alama ya mkaa. Kila juma usogeze alama unene wa kidole, si zaidi, hata kama unajiona shujaa.

Mgongo: lala chali, pinda magoti, inua kiuno, shusha. Kifagio usikiinamie, piga goti. Asubuhi usinyanyuke moja kwa moja, maana asubuhi mgongo unakuwa mbao. Geukia ubavu, miguu ishuke kwanza kitandani, ndipo mkono ukusukume. Na chafya ikija, shika kitu kwanza, ukuta au mtu, halafu ndiyo upige.

Karate usirushe hata teke moja mpaka nikuambie. Kupumua unaruhusiwa. Darasani nenda, keti, fundisha kwa mdomo. Mdomo wako haujawahi kuumwa.

Siku utakapogusa paji la uso bila kuinamisha kichwa, niandikie. Hiyo ndiyo siku ya kukomboa.

Mimi mtani wako, ukitaka usitake,
Emerensiana

*

Shanwe, Mpanda
10 Oktoba 1976

Kwako Emerensiana, kiroboto wa Tabora,

Tumsifu Yesu Kristu. Umeona, jina lako nimekurudishia. Nilikaa nalo kwa muda, nikaona halimfai mtu mwingine.

Médiatrice anacheka sasa, hasa akiniona natambaza vidole ukutani. Mama ametoa mchele kwa ajili yako, utakuja na gari moshi ukipata mtu mwaminifu, yaani si mimi. Mjomba asali yake ipo, mzee Apolinari ameitoa bure kwa aibu.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilimwambia Donatille achome barua zako. Hakuchoma, alifungua sanduku, akatia nguo na mkanda ndani, akafunga, funguo akaifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwambia mimi ndiye mwenye nyumba. Akasema mwenye nyumba aanze kukoroga uji. Sijui mmekubaliana lini nyie wawili, hata barua moja kati yenu sijaiona.

Basi nimekoroga. Mwanzoni nilikuwa nalia kwa maumivu, halafu nalia kwa hasira, halafu siku moja nikagundua nakoroga huku naongea na mtu. Alama za mkaa zimepanda ukutani mpaka Donatille ameanza kulalamikia ukuta. Jumapili iliyopita, wakati wa kubarikiwa, mkono umekwenda wenyewe mpaka kwenye paji la uso, na kichwa kimesimama. Niliona aibu kwa furaha niliyokuwa nayo mbele ya Sakramenti.

Ila juu ya hapo haupandi. Nimejaribu kuudanganya kwa kila njia. Na mtihani una kuzuia juu, yaani mtu anakushushia ngumi ya kichwa nawe unainua mkono kuipokea. Nimefikiri sana. Kama mkono hauendi juu, basi nisingoje ngumi ishuke. Nimemwambia Libérat anipige polepole, mimi naingia ndani kwake, kifua kwa kifua, ngumi yake inapita nyuma ya kisogo changu. Teke nalo nimelishusha, napiga goti badala ya shavu, hivyo mgongo haujui kama nimepiga. Ndiyo, nimerusha teke kabla hujaniruhusu. Kamata na mguu basi.

Kitu kimoja kinanichekesha. Vijana wote wameanza kuzuia kwa kuingia ndani kama mimi, mikono chini, hata wale wenye mabega kama ya ng'ombe. Wanadhani ndiyo karate yenyewe.

Sasa niulize. Habari ya chafya umeitoa wapi? Niliishika nguzo ya mlango, nikapiga, na kweli sikukatika. Hakuna daktari aliyewahi kumwambia mtu jambo hilo. Na ile ya asubuhi, mbao, ndivyo ilivyo hasa. Uko wodi gani siku hizi?

Mtani wako anayedai funguo,
Telesphor

*

Tabora
7 Novemba 1976

Kwako Telesphor, mnusa vidole mstaafu,

Milele amina. Paji la uso limetosha. Wifi afungue sanduku, nguo aianike juani kwanza, itakuwa inanuka sabuni na kiburi.

Baba anakushukuru kwa asali hata kabla hajaiona. Mvua huku zimeanza vizuri, maembe yanaanguka, watoto wanaharisha kama kila mwaka. Dada wa jikoni hapa kwetu ameolewa Urambo na tumepoteza mpishi.

Lakini nina ugomvi nawe. Hao vijana unawacheka nini? Wanakunakili wewe. Umeanguka mtini wewe, hawakuanguka wao. Wana mabega mazima, waache wayatumie. Kesho utakutana na kijana wa Nsemulwa ana kovu kichwani kwa sababu mwalimu wake aliona aibu kusema, "Mimi siwezi hii, ila nyie mnaweza." Waambie. Hata kama ni vigumu, waambie waziwazi mkono wako una nini, na Libérat asimame mbele awaonyeshe ule wa juu. Darasa lisiishie pale bega lako linapoishia.

Nimemuulizia mwalimu atakayesimamia mtihani. Anaitwa Maximilian, ni mkali, na anataka kuona kila kitu kama kilivyoandikwa. Sikumweleza habari zako, nisije nikaonekana naomba huruma. Ijumaa ya tarehe kumi Desemba panda gari moshi, njoo na Libérat. Nitawapokea stesheni.

Wodi ziko palepale zilipokuwa.

Mtani wako,
Emerensiana

*

Shanwe, Mpanda
20 Desemba 1976

Kwako Emerensiana, mtani wangu, mficha mambo,

Tumefika salama mimi na Libérat, tumelala Kaliua kwa sababu behewa liliharibika. Mchele wa mama natumaini umeupika. Donatille anasema kitenge ulichompa kinamwamkia kila asubuhi. Médiatrice ameanza kukaa.

Nakuandikia kwa sababu kule Tabora tuliongea mchana kutwa na hatukuongea.

Pale stesheni ulikuwa umekaa kwenye benchi. Hukusimama kuja kunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Ulingoja watu watoke wote. Ulivyoinuka, uligeukia ubavu kwanza, ukatanguliza miguu, ukasukuma kwa mkono. Nikaijua hiyo. Halafu nikaiona fimbo. Nilibeba kapu lako kwa mkono wa kushoto tukaenda, wewe ukisifu mvua.

Mtihani uliuona, ila ulikuwa umekaa mbali na kuna maneno hukuyasikia. Mwalimu Maximilian aliposema kuzuia juu, nilimwambia, "Mwalimu, mkono wangu haufiki huko. Niliumia." Akasema, "Basi kichwa kitapasuka." Akashusha ngumi, si ya mtihani, ya kweli. Nikaingia. Akarudi nyuma akashusha ya pili kwa hasira, nikaingia tena, kiganja changu kikamkaa mbavuni. Nilidhani nimeshinda.

Hapana. Alinitazama akasema, "Hiyo ni njia yako, nimeiona, inafaa. Lakini mimi sitoi mkanda ili ukazalishe viwete huko Mpanda. Unafundisha hivyo?" Nikamwita Libérat. Mwalimu akamshushia ileile, na kijana akainua mkono juu, mzima, umenyooka, ngumi ikagonga ikaisha. Mwalimu akamshushia tena, ikawa hivyohivyo. Akauliza, "Nani alikufundisha?" Libérat akanionyesha kwa kidevu, hakuthubutu kugeuka.

Mkanda wa kahawia nimepewa kwa sababu ya mkono wa Libérat. Na mkono wa Libérat ulipanda kwa sababu ya barua yako. Jumatatu ile nilipoipata niliwasimamisha wote nikawaambia mwalimu wenu ana bega bovu, kuanzia leo msiniige. Nilidhani watacheka. Mmoja akauliza tu kama inauma usiku. Nikasema ndiyo. Tukaendelea na mazoezi.

Januari ukumbi haufungwi.

Sasa sikiliza. Utakuwa umeshatafuta fimbo yako ukaona pana nyingine. Yako ninayo mimi, iko hapa Shanwe, imelazwa sandukuni na funguo iko kwenye pindo la kanga ya Donatille. Nimekamata. Fimbo ile ilikuwa fupi, inakuinamisha, nani alikupa? Niliyokuachia ni ya kwangu ya mazoezi, ndefu, ukiishika inabidi unyooke.

Ukombozi unaujua, uliuandika mwenyewe. Lala chali, pinda magoti, inua kiuno, shusha. Ongeza hii ya kwangu: simama miguu wazi kama mpanda farasi, mgongo umenyooka, shuka kidogo, pumua, panda. Hivyo ndivyo nyie manesi mngepaswa kumnyanyua mgonjwa, kwa mapaja. Kila juma ushuke unene wa kidole, si zaidi.

Na kabla ya yote niambie ukweli. Sitacheka.

Telesphor, mwalimu

*

Tabora
9 Januari 1977

Kwako Telesphor, mwizi wa fimbo,

Milele amina, ingawa safari hii umesahau kusalimu.

Baba hajambo. Shangazi mwambie mchele tumeula na majirani wamejua.

Ilikuwa Februari mwaka jana. Tulikuwa wawili tunamhamisha mgonjwa, mwenzangu akateleza, uzito wote ukaja kwangu. Sikuanguka, ndiyo maana hakuna aliyejua. Nilimlaza mgonjwa vizuri, nikatoka nje, nikashika ukuta, sikuweza kuuachia. Tangu hapo sijaingia wodini. Nakaa dirishani naandika kadi. Barua yako ya bega ilinikuta hivyo. Niliicheka kwa nguvu kwa sababu sikutaka kuwepo na mtu mwingine wa kuniuliza kama inauma, na mtu anayeumwa ukimhurumia sana atakuhurumia na wewe.

Yale mazoezi niliyokuandikia, mimi niliyajua kwa kuambiwa na daktari na sikuwa nayafanya. Nilikuwa nimekata tamaa kabla yako. Nilipokukamatia mkanda ilibidi nianze, kwa sababu nilijua utaniuliza. Ulipokuwa unakoroga uji huko Shanwe, mimi nilikuwa chali huku, nakutukana.

Nimeogopa, Telesphor. Wamesema mwezi wa tano watanipima kama naweza kurudi wodini, nisipoweza niache kazi. Sijamwambia mtu, hata baba. Sasa nimekuambia wewe, na nashangaa kwamba nimebaki mzima.

Mpanda farasi wako nimemjaribu. Siku ya kwanza nilishuka nikakaa chini kabisa, ikabidi nimwite mwenzangu wa chumba. Juzi nimeshuka na nimepanda. Jana nimeiacha fimbo yako ndefu mlangoni, nikaenda mpaka dirishani kwangu bila kushika kitu, nikaandika kadi zangu, nikarudi. Nilipiga chafya njiani.

Pasaka nakuja. Usinitumie Libérat stesheni, usibebe kapu langu kwa mkono wowote, nitashuka mwenyewe. Mwambie wifi Donatille asifungue sanduku mpaka anione nimesimama mlangoni, na siku hiyo asitafute kuni za kupikia. Ile fimbo fupi nitaikata mwenyewe, kwa goti, na chai ya kwanza tutakayokunywa itachemka juu yake.

Mtani wako,
Emerensiana